Tarehe kwa rekodi za duka: mnaandika aje?

simenti_nakuru
Wadau habari. Nauza simenti na mabati hapa Nakuru na niko na duka ingine dogo Njoro. Kijana wa Njoro anaandika kwa kitabu 5/6/24, yaani tarehe tano mwezi wa sita, halafu dada wa hapa mjini akiingiza kwa laptopu Excel inasoma tarehe sita mwezi wa tano. Sasa kwa rekodi inaonekana saplaya nilimlipa hata kabla alete mzigo 😂 Nyinyi mnafuata mtindo gani?

mhasibu_ksm
Hiyo laptopu iko na mipangilio ya Marekani, huko wanaanza na mwezi. Ingia Control Panel, pale kwa Region uweke Kenya. Lakini usidhani zile za zamani zitajirekebisha, Excel haiweki tarehe vile unaiona, inaweka namba, inahesabu siku kutoka 1 Januari 1900, so ikishasoma vibaya namba yenyewe ndio mbaya, ukibadilisha muonekano unapaka tu rangi. Angalia kolamu. Zenye zimeegemea kushoto ni kama 25/6/2024, mwezi wa 25 haupo kwa hivyo iliziacha kama maandishi, hizo ni rahisi. Hatari ni za tarehe 1 mpaka 12, zimekaa kulia vizuri kabisa na ni uongo mtupu. Hizo utoe risiti ulinganishe moja moja. Na kama unalipa VAT usichelewe, ritani mwisho ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata, invoisi ya Juni ikijipata Mei utaeleza KRA nini?

karani_bgm
Mimi ni 2024-06-05, mwaka, mwezi, siku. Ndio ISO 8601, ule mtindo wa kimataifa wa kuandika tarehe, iko tangu 1988. Uzuri wake ukianza jina la faili hivyo zinajipanga zenyewe kwa folda, na ule mkwaju wa / Windows haikubali kwa jina la faili. Hata steitimenti ya M-Pesa huja hivyo, ni meseji tu ndio inaanza na siku.

mama_hadiwea
@karani_bgm kwa kompyuta sawa, lakini huyo kijana wa Njoro na foleni ya wateja mbele yake hataandika hivyo, wiki moja tu amerudia zake. Kwa kitabu mwezi uandikwe kwa herufi, 5 Juni 2024, na mwaka wote. Usimkubalie kufupisha Jun na Jul, mwandiko wa haraka huwezi tofautisha, hapo mtakuwa mmetoka shimo moja mkaingia lingine.

simenti_nakuru
Sawa, kitabu herufi, laptopu mwaka mbele. Sasa hizo risiti zote naanzia wapi jameni?

mhasibu_ksm
Anza na za saplaya zenye hujalipa. Za kuuza rejareja zingoje.