Ua la zambarau ufukweni: picha zinatoka na ukungu

Swali: Wakuu, ua linalotambaa mchangani Bagamoyo ni lipi? Saa tisa alasiri nalikuta limenywea, na picha hazitulii.

Jibu: Tazama jani. Kama limegawanyika nchani mfano wa ukwato wa mbuzi, ni Ipomoea pes-caprae. Hufunguka alfajiri, hunywea mchana. Fika saa moja asubuhi. Lala kifudifudi, lenzi iwe usawa wa ua, kasi ya shata ya kamera iwe 1/500 ya sekunde au haraka zaidi kwa sababu ya upepo. Tafadhali usikanyage mashina, ndiyo yanayoshika mchanga.

Jibu: Ukungu huo huenda ni chumvi kwenye lenzi. Puliza mchanga kwanza, ndipo ufute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Ukitangulia kufuta, utakwaruza kioo. Ukikuta ua jeupe kama lililokatwa nusu, petali tano upande mmoja, hilo ni mmea mwingine, Scaevola.