Kinyozi kaniunguza uso, halafu ananiambia "ni asilia"

Wakuu, naandika huku nimejibandika kitambaa cha maji baridi usoni. Yule kinyozi wa pale kona, mwenye kioo kilichopasuka na spika ya kutetemesha mtaa mzima. Mnamjua, simtaji.

Kabla hajashika wembe nilimwambia, "Ukimaliza usinipake chochote chenye harufu, ngozi yangu inakataa." Akaitikia, "Sawa kaka." Kamaliza ndevu, kamimina kitu viganjani, PAA! Mashavu yote mawili. Niliruka na shuka lake shingoni. Uso uliwaka ungeivisha ubwabwa wa msiba. Yeye kasimama tu: "Tulia kaka, hii ni asilia."

ASILIA! Upupu nao si asilia? Mbona hajipaki?

Nikaidaka chupa. Karafuu ya Pemba, mdalasini, ndimu, haina kifuniko, inashinda dirishani inapigwa jua. Karafuu ina eujenoli, mdalasini una sinamali, na zote mbili zimo katika vile vinukishi 26 ambavyo Ulaya mwaka 2005 ilianza kulazimisha vitajwe kwenye lebo kwa sababu ya mzio. Limonini, kinukishi cha ndimu, ikishapigwa na hewa ndiyo inazidi ubaya. Na msinikimbizie ya dukani! Dukani kwetu nyingi zimeandikwa neno moja tu, "parfum", yaani manukato, ndani wamejaza wanachojua wao. Ngozi imetoka kukwanguliwa na wembe, itajuaje hii ya shambani na hii ya kiwandani?

Shavu la kulia vipele, la kushoto limeumuka kama andazi, na kesho naenda kujitambulisha ukweni. "Tulia kaka"!

Msukuma_Mkokoteni: Pole mkuu. Ila ulimlipa?

Mleta mada: Nililipa nitoke. Mtu kanizaba makofi ya karafuu, nibaki nabishana naye?

Dada_wa_Chumbageni: Kaka, nawa maji matupu, usipake kingine juu yake. Na usikae juani, ndimu na jua vinaacha mabaka meusi. Kama ni mzio utakolea kesho au keshokutwa, ukweni sogeza mbele. Siku nyingine kitu kigeni kijaribu kwanza kwenye mkono, ndani ya kiwiko, ungoje siku mbili tatu.

Mzee_Kigoda: Mwanaume analizwa na ndimu! Sisi tulipakwa spiriti kavu na tukasema asante.

Msukuma_Mkokoteni: Ndiyo maana kisogo chako kina vipele kama njugu, mzee.

Mama_Pacha: Afadhali nyie mnapakwa mara moja kwa wiki. Jirani yangu anafukiza udi saa kumi na moja alfajiri, watoto wanaamka wanapiga chafya.

Konda_Mstaafu: Udi una nafuu. Panda daladala yenye kile kimti cha manukato pale mbele, madirisha hayafunguki.

Mleta mada: Wakuu turudi kwenye mada. NILIMKATAZA. Akasema NI ASILIA.

Mzee_Kigoda: Mama Pacha, huyo wa udi anakaa upande gani? Wangu anafukiza na kufungulia redio juu.

Mama_Pacha: Redio si kitu mzee wangu. Huyu ana majogoo wanne.