Halmashauri imekataa EHCP ya mwanangu, na kazini wananibana. Naombeni msaada

Mama Imran, Jumapili, saa 5 usiku

Assalaam aleikum, na habari za jioni kwenu nyote.

Barua ya halmashauri imefika. Wamekataa hata kumfanyia mwanangu Imran tathmini ya EHCP, ule mpango rasmi wa hapa Uingereza wa kumsaidia mtoto mwenye mahitaji maalumu shuleni. Wanasema hana uthibitisho wa daktari kuwa ana usonji, na kwamba shule bado inao uwezo wa kumsaidia kwa bajeti yake. Shule hiyo hiyo ndiyo inayonipigia simu karibu kila siku kabla ya adhuhuri nije nimchukue, kwa sababu kajificha chini ya meza, kaziba masikio, hataki mtu amguse. Yuko Year 1. Anaongea maneno machache tu, na mengi anamwambia dada yake, si mwalimu.

Niko kwenye viza ya Health and Care, ya wafanyakazi wa afya na utunzaji, na nina NRPF, yaani siruhusiwi kudai public funds (misaada ya serikali). Baba yake yuko Tanga anamuuguza mama yake.

Maswali yangu ni haya. Nikikata rufaa, haitahesabiwa kuwa nimegusa public funds? Na la pili, ambalo ndilo linaloninyima usingizi: meneja ananiambia nipunguze masaa au nitafute mtu wa kumchukua mtoto. Nikikubali kupunguziwa masaa, CoS yangu (cheti cha mwajiri kunidhamini viza) inakuwaje? Tafadhali anayejua aniambie.

Kaka Joel, Jumapili, saa 5:40 usiku

Pole sana dada. Ushauri wangu: kaa mbali na EHCP. Hiyo ni hela ya serikali, na wewe una NRPF. Kuna jamaa nilikuwa naye kazini aliomba DLA (posho ya ulemavu) ya mtoto, ilipofika wakati wa kuongeza viza akapata shida kubwa. Home Office, wizara ya uhamiaji, wanaona kila kitu siku hizi, hasa tangu tuhamie eVisa, viza ya mtandaoni.

Mama Shamsa, Jumatatu, saa 12 asubuhi

Joel, tafadhali usimtishe mtu kwa jambo usilolijua. DLA ni kweli iko kwenye orodha ya public funds. EHCP haipo. Elimu haipo, NHS haipo. Mtoto wa NRPF ana haki ya EHCP sawasawa na mtoto wa jirani yake Mwingereza. Nimepita njia hii na kijana wangu, na viza yetu imeongezwa baada ya hapo bila swali hata moja.

Mama Imran, soma sheria ya Children and Families Act ya 2014, kifungu cha 36(8). Halmashauri inapaswa kumtathmini mtoto ikiwa ana mahitaji maalumu au huenda anayo, na ikiwa huenda akahitaji mpango huo. Daktari hatajwi popote pale. Kumdai mzazi uthibitisho wa usonji wakati foleni ya kupimwa ni ndefu namna hii ni kumfungia mlango mtoto.

Fanya hivi. Pigia huduma ya upatanishi iliyotajwa kwenye barua. Upatanishi wenyewe unaweza kuukataa, unachotaka ni cheti, na wakishasikia hutaki wanatakiwa kukupa ndani ya siku 3 za kazi. Halafu jaza fomu ya rufaa, SEND35A, upeleke Tribunal, baraza linalosikiliza rufaa hizi. Hakuna ada. Muda ni miezi 2 tangu tarehe iliyoandikwa juu ya barua, au mwezi 1 tangu tarehe ya cheti, ule unaochelewa kuisha. Si tarehe uliyoifungua bahasha! Shirika la IPSEA, linalosaidia wazazi kwa mambo haya, wana barua za mfano, bure.

Baba Neema, Jumatatu, saa 3 asubuhi

Nyongeza kwa Mama Shamsa. DLA nayo si "hapana" kwa kila mtu. Mtoto mwenye uraia wa Uingereza anadai kwa haki yake mwenyewe hata kama mzazi ana NRPF. Kwa Imran haitafaa kama naye yuko kwenye viza, lakini wapo wengine humu wenye watoto wa pasi ya hapa wanaoogopa bure. Pelekeni suala hilo kwa mshauri anayejua uhamiaji kabla ya kujaza fomu.

Halafu hii ya shule kupiga simu kila siku "njoo umchukue". Mwambie SENCO, mwalimu anayesimamia mahitaji maalumu, akuandikie kila mara wanapomrudisha. Kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya tabia yake bila kuiandika rasmi kuwa ni kusimamishwa ni kinyume cha sheria. Ratiba ya nusu siku haifai kutumiwa kama dawa ya tabia, na haiwezi kuwekwa bila wewe kuikubali. Weka daftari: tarehe, saa, nani alipiga, alisema nini. Daftari hilo ndilo litakalosema mbele ya Tribunal, maana shule kwenye karatasi zao watakuwa wameandika kwamba mambo ni shwari.

Bi Zuhura, Jumatatu, saa 8 mchana

Mwanangu Mama Imran, nimesoma na machozi yamenitoka. Sisi kule Ng'ambo, Unguja, tulilea watoto mlango wazi. Mtoto akilia, bibi yupo, shangazi yupo, jirani kamchukua kamweka kibarazani na kipande cha mkate wa kumimina. Hapa mama anamlea mtoto peke yake katika chumba, juu yake shule inamdai, kazi inamdai, halmashauri inamdai. Wallahi haya si malezi, ni adhabu.

Baba Neema, Jumatatu, saa 8:30 mchana

Shikamoo Bi Zuhura. Kwa heshima zote, si kila mlango ulikuwa wazi. Mtaani kwetu Ilala kulikuwa na msichana aliyekuwa akifungiwa uani wageni wakija. Sote tulijua, sote tulinyamaza, na mama yake aliambiwa kalaaniwa. Mdogo wangu mwenyewe hasikii wala haoni vizuri, na aliyetuokoa ni mwalimu mmoja aliyemwambia mama kuhusu shule ya Uhuru Mchanganyiko. Kabla ya hapo ndugu walikuwa wanakuja na waganga. Mtu akisema nyumbani tulisaidiana, mimi namkumbuka mama akirudi msibani analia kwa maneno aliyoambiwa.

Bi Zuhura, Jumatatu, saa 9 alasiri

Marahaba. Sikusema wote walitendewa wema. Nimesema mama hakuwa peke yake.

Wanjiku, Jumatatu, saa 2 usiku

Mama Imran, pole sana. Binti yangu ana seli mundu, na kwa hilo naijua hii simu ya saa tano asubuhi. Kuna siku nilitoka kazini nikiwa nimemwacha bibi mmoja wa miaka tisini katikati ya kuvishwa, mwenzangu akamalizia, nami nikakimbilia basi na aproni. Tunalipwa kuwatunza wazazi wa watu. Wetu tunawaona kwenye simu, na watoto wetu wakiumwa tunaomba ruhusa kama wezi.

Na kwenye waraka wa serikali wa Mei 2025 waliandika kwamba wanataka tusubiri miaka 10 badala ya 5 kabla ya makazi ya kudumu. Ina maana NRPF miaka 10! Mtoto anaingia Reception (darasa la awali) na anafika sekondari, mama bado hana haki ya kudai chochote. Wanasiasa wa hapa wakitafuta kura wanatutaja sisi, lakini zamu za Krismasi wanatupa sisi.

Jambo moja la kukufaa: tangu Aprili 2024 kuna likizo ya walezi, Carer's Leave, wiki 1 kwa mwaka, bila malipo, kuanzia siku ya kwanza ya kazi. Omba kwa maandishi. Hiyo si kupunguza masaa.

Kaka Joel, Jumatatu, saa 2:20 usiku

Wiki moja bila malipo na kodi ya nyumba je? Na mwajiri akisema umeondoka bila ruhusa, yeye ndiye sponsa wa viza yako, na anaripoti Home Office ukikosa zaidi ya siku 10 za kazi mfululizo. Semeni yote.

Wanjiku, Jumatatu, saa 2:35 usiku

Joel, nimesema OMBA KWA MAANDISHI. Maandishi hayo ndiyo yatakayoonyesha kwamba uliomba ruhusa.

Halima, Jumatatu, saa 4 usiku

Nataka kusema jambo ambalo halihusu fomu.

Kwenye Idd iliyopita pale ukumbini, spika zilipofunguliwa Imran alijitupa chini, akapiga kelele. Mama yake alivua mtandio wa begani akamfunika kichwani, akalala naye palepale sakafuni, kwenye zulia lililojaa makombo ya sambusa, akawa anamwimbia sikioni. Nilikuwa meza ya karibu. Nilisikia kwa masikio yangu dada zangu wawili wakisema "huyo kadekezwa", na mwingine akasema simu ndiyo zinawaharibu. Hakuna aliyekwenda kupunguza sauti mpaka nilipoinuka mimi. Mama Imran aliondoka kabla chakula hakijapakuliwa, na hajaja tena.

Mimi sina mtoto mwenye usonji. Ninao watatu wanaoongea tangu asubuhi mpaka usiku, na bado kuna siku najifungia bafuni nilie. Sasa mwenzetu anabeba hili peke yake, na tulichompa ni maneno. Idd ijayo naomba kamati itenge chumba kile cha pembeni, kisiwe na muziki, na mmoja wetu akae humo kwa zamu. Nimeanza mimi, nataka majina.

Mama Shamsa, Jumatatu, saa 4:15 usiku

Niandike. Na Jumatano siendi kazini, naweza kusimama getini nimchukue Imran. Lakini shule inahitaji jina langu kwenye orodha yao kwanza, na kijana anijue. Nije lini tucheze naye?

Mama Imran, Jumanne, saa 11 alfajiri

Nimewasoma wote kabla ya kwenda zamu. Asanteni. Barua ni ya tarehe 3, cheti nitakiomba leo nikipata mapumziko. Mama Shamsa njoo Jumamosi, anapenda maji na vikombe, usimshike mkono mwanzoni.

Suala la CoS bado. Nikipunguziwa masaa mshahara unashuka, na meneja anataka jibu Ijumaa. Kuna anayejua?

Mama Rayan, Jumanne, saa 1 asubuhi

Samahani kuingilia. Wangu ana miaka miwili na nusu, haitiki akiitwa jina, na health visitor (muuguzi wa watoto wadogo) ananiambia nisubiri. Ana pasi ya hapa, mimi NRPF. Baba Neema, hiyo DLA uliyosema, fomu naipata wapi?