Tabora kuwa jiji: kigezo ni nini hasa?

Wakuu, nauza asali sokoni hapa Tabora. Leo mteja wa Dodoma kaniambia, "Nyie bado manispaa." Imeniuma kweli. Reli ilifika hapa 1912, na mpaka leo treni za Mwanza na Kigoma zinaachana hapahapa. Tunakosa nini?

Jibu: Pole mkuu, ila umri wa mji haupandishi hadhi. Ipo sheria ya mamlaka za miji ya 1982: kuna halmashauri ya mji, manispaa, halafu jiji. Wanaangalia idadi ya watu, huduma, na zaidi halmashauri kujiendesha kwa mapato yake. Dodoma ilitangazwa jiji na Rais Magufuli 26 Aprili 2018, sikukuu ya Muungano.

Jibu: Sisi wa Kigoma-Ujiji tuseme nini? Misafara ilikuwa ikitua Ujiji kabla Sultani Majid hajaanza kuijenga Dar. Nasi ni manispaa.

Muulizaji: Asanteni ndugu zangu. Kumbe hata risiti ya ushuru wa meza yangu inahesabika! Ninayo hapa, imeganda asali pembeni. Kesho nawaonyesha wenzangu wanaokwepa kulipa.