Ajenti wa Guangzhou kanitembeza kwenye minara siku tatu, mzigo wangu umekuja wa plastiki

Wakuu habari za jioni. Nina hasira, na leo natoa lote moyoni.

Nauza taa za ndani Kariakoo. Mwezi wa tatu nilisafiri kwenda China kwa mara ya kwanza, sehemu ya mtaji ni mkopo wa kikundi chetu. Nikampata ajenti, Mtanzania mwenzetu anayeishi Guangzhou. Jina lake silitaji. Tulikubaliana dola 80 kwa siku: kutafsiri, kunipeleka viwandani, kukagua mzigo.

Nimefika Jumatatu usiku. Hoteli aliyoniwekea ikanikataa mapokezi, eti hawapokei wageni wa nje. Nimesimama na begi saa saba usiku, simu haifungui WhatsApp wala Google kwa sababu kule zimefungwa, na huyu mtu hakuwahi kuniambia nijiunge WeChat kabla sijaondoka. Dada wa mapokezi ndiye aliyenihurumia akanitafutia hoteli nyingine.

Jumanne nikajua tunakwenda Guzhen, ule mji wa taa kule Zhongshan, karibu saa mbili kwa gari. Akaniambia, "Dada, pumzika kwanza, umetoka mbali." Akanipeleka Canton Tower. Mita 600 kwenda juu, tiketi yangu na yake nalipa mimi. Jumatano Bustani ya Yuexiu, kwenye sanamu ya mbuzi watano. Hadithi yake nzuri, kwamba watakatifu watano walishuka wamepanda mbuzi wakawapa watu wenye njaa masuke ya mpunga. Alhamisi boti ya usiku kwenye Mto Pearl. Kila nikiuliza kiwanda, jibu ni "kesho dada, usijali." Na kila jioni anadai dola 80 zake kamili!

Guzhen tumefika Ijumaa saa nane mchana. Ndugu zangu, ule mji ni taa mtaa baada ya mtaa, ungehitaji siku mbili kulinganisha bei tu. Nilipata saa tatu. Nikachagua taa ya ukutani, sampuli nimeishika mwenyewe: kava la chuma, nzito mkononi, skrubu zimekaa sawasawa. Nikalipa asilimia 30. Kiwanda kikasema mzigo utakuwa tayari baada ya siku nne, nikikagua namalizia 70.

Sasa pigeni hesabu. Tungekwenda Jumanne, Jumamosi ningekuwa kiwandani nafungua katoni kwa mikono yangu. Ndege yangu ilikuwa Jumapili. Akasema atakagua yeye, akanitumia picha za katoni zilizofungwa kwa gundi, nami nikatuma salio. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Jumamosi hakutokea kabisa. Nikatoka peke yangu, nikauliza njia kwa kuonyesha picha kwenye simu, nikafika msikiti wenye kaburi ambalo Waislamu wa China wanasema ni la Sahaba Saad bin Abi Waqqas. Bustani tulivu, miti mikubwa, sikulipa hata senti. Nikaswali, nikalia kidogo. Siku nne na mtu anayejua nilikotoka na dini yangu, hata kunitajia hakunitajia. Pale hapana tiketi.

Mzigo umetoka bandarini wiki iliyopita. Fundi wangu kachukua ufunguo akakwaruza kava, rangi ya dhahabu ikabanduka, chini plastiki nyeupe. Katoni 40, na 22 ziko hivyo. Mteja wa nyumba ya wageni Mbagala aliyenipa oda amezikataa, na marejesho ya kikundi ni kila Jumatano.

Nimemwandikia mara nne. Kimya.

Waliowahi kwenda naomba mnisaidie: mnaandikiana nini na ajenti kabla ya safari? Kuna aliyewahi kurudishiwa hela na kiwanda wakati salio limeshalipwa? Na je, kuna mkaguzi mnayemwamini Guangzhou asiye na undugu na ajenti yeyote?

Na wewe ajenti, najua unapita humu. Nataka dola 240 za siku tatu ulizonitembeza na maelezo ya zile picha. Katoni 22 ziko hapa dukani, sijazigusa tena.