Wa kalamu ya kijani anikome! Insha yangu si barua ya kuomba nauli

Nesi Mtarajiwa:

Wakuu, naandika nikiwa na hasira. Nipo kwa muuza kahawa hapa barabara ya 12 Ngamiani na kikombe kimenishinda kushika.

Mnamjua. Chuo sitaji, jina sitaji, maana nikisema tu "kalamu ya kijani" kila aliyesomea unesi Tanga hii tumbo linamkata. Ndiye huyohuyo wa kipindi cha Alhamisi jioni, kile cha kutufundisha kusoma na kuandika kitaaluma, saa ambayo binadamu ametoka wodini alikosimama tangu asubuhi, miguu imevimba kuliko ya wagonjwa aliowahudumia.

Leo karudisha insha. Kafika kwenye yangu, kavua miwani, kavaa tena, kaishika karatasi kwa ncha za vidole viwili kama kitambaa kilichotoka kwenye kidonda. Akauliza mbele ya darasa zima: "Hii ni insha, au umemwandikia shangazi yako barua ya kuomba nauli?"

Shangazi! Nauli!

Darasa likapasuka. Wa nyuma walilala chini. Kuna mwenzetu hajaonyesha meno tangu tuanze chuo, leo nimeyaona yote, yapo 32 na moja limetoboka.

Hebu nyinyi wenyewe muwe mahakimu. Insha ni ya usafi wa mikono. Nimeanza kistaarabu kabisa (naweka kwa Kiswahili tuelewane): "Ni furaha yangu kubwa kupata nafasi hii adhimu ya kuandika kuhusu usafi wa mikono. Ni matumaini yangu kuwa msomaji hujambo na unaendelea vyema." Sasa hapo shangazi yuko wapi? Mtu wa Tanga aingie kwenye mada bila salamu, kwani anafukuzwa?

Halafu pembeni ya kila sentensi, kwa hiyo kijani yake: NANI KASEMA? Nimeandika mikono michafu hueneza magonjwa. NANI KASEMA? Nimeandika WHO, Shirika la Afya Duniani, wametaja nyakati 5 za kusafisha mikono, kuanzia kabla ya kumgusa mgonjwa mpaka baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. NANI KASEMA? Si nimesema WHO! Anataka mkurugenzi wao ashuke Chumbageni kutoa ushahidi? Nimeandika daktari Semmelweis kule Vienna mwaka 1847 aliwaambia madaktari wenzake wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwazalisha akina mama, vifo vikashuka, na bado wenzake wakambeza. NANI KASEMA? Na mimi leo nimebezwa. Tofauti yetu ni kwamba Semmelweis hakuingiziwa shangazi yake.

Bado kuna karatasi anayotugawia ya namna ya kusoma kitabu. Kwanza pitia vichwa vya habari, kisha jiulize maswali, ndipo usome, ujisimulie ulichosoma, urudie. Eti njia ya Mmarekani mmoja, Francis Robinson, ya mwaka 1946. Haya. Bwana Robinson alishasoma habari za figo saa 5 usiku kwenye chumba cha hosteli ambacho mmoja anakaanga dagaa na mwingine anagombana na mchumba kwenye simu? Hapo kwenye kujisimulia nilijaribu kwa sauti, mwenzangu wa kitanda cha juu akadhani nimepandisha mashetani, akaanza kunisomea dua.

Hayo yote nasamehe. Shangazi ndiyo sisamehe. Mbele ya darasa zima! Natoka getini, mlinzi ananiuliza, "Shangazi hajambo?" Mlinzi! Kajuaje, na kipindi kimeisha sasa hivi?

Mwenye la kusema aseme.

---

Sindano Butu: Pole sana mkuu. Nauli ilitumwa lakini?

Chungwa la Muheza: Nimetandika mkeka hapa. Picha ya insha iko wapi? Uzi bila picha ni chai.

Dada wa Zamu ya Usiku: Nimepita mikononi mwake. Mimi aliniandikia NANI KASEMA pale juu kabisa, kwenye jina langu.

Sindano Butu: Mbavu zangu mie.

Baba Wawili wa Duga: Kijana, jambo lenyewe dogo. Ukitaja WHO unaweka na mwaka. Mwongozo wao wa usafi wa mikono ni wa 2009, kwa hiyo unafungua mabano, unaandika WHO, mkato, 2009, unafunga. Mwishoni kwenye marejeo ndipo unaueleza kamili. Nimekaa wodini miaka mingi. Siku utakayoandika kwenye faili "amepewa dawa" bila saa wala sahihi, swali litakuwa hilohilo, na atakayeuliza atakuwa na kamati.

Nesi Mtarajiwa: Shikamoo mzee wangu. Angesema kama ulivyosema wewe, saa hizi nisingekuwa hapa. Yeye kasema SHANGAZI.

Bi Mkunga Makorora: Mimi marejeo ndiyo yalinitoa machozi. Kanikata alama kwa kutoandika mji wa mchapishaji. Nikamwambia Madam, toleo la 7 la APA, ule mwongozo wa kuandika marejeo, la mwaka 2019 limeshauondoa huo mji. Akajibu hapa tunatumia la 6. Kazi iliyofuata nikaweka miji yote, mpaka mingine siijui iko nchi gani. Akakata tena, eti tunatumia la 7.

Chungwa la Muheza: Huyo anatumia toleo la hali ya hewa.

Dada wa Zamu ya Usiku: Na waandishi wakiwa wengi je? La 6 lilitaka wakiwa watatu uwataje wote mara ya kwanza, la 7 unataja wa kwanza tu na "et al.", yaani na wenzake, basi. Mimi sasa naokota makala za mtu mmojammoja, wapweke watupu. Amani ya moyo.

Kengele ya Baiskeli: Mnalialia bure. Nendeni maktaba muombe nywila ya HINARI. WHO walianzisha mpango huo 2002, vyuo vya nchi kama yetu vinapata majarida ya afya bure au kwa bei ndogo. Mtu akisoma makala za maana hata kuandika kunanyooka. Wengi wenu mnakopi kutoka kwenye grupu la WhatsApp.

Dada wa Zamu ya Usiku: Nywila anayo mkutubi. Mkutubi yuko harusini Pangani. Akirudi, umeme utakuwa umekwenda harusini.

Stoo ya Dawa: Nyinyi wa insha mna raha sana. Njooni kwetu kwenye hesabu za dawa, kwa yule wa mkanda mweupe, mnamjua. Kauliza: mtoto ana kilo 10, anatakiwa parasetamo miligramu 15 kwa kila kilo, dawa ya maji ina miligramu 120 katika kila mililita 5, utampa kiasi gani? Nimeandika mililita 6.25. Kaninyima alama, eti sijaonyesha njia. Jibu si ndiyo hilo? Mtoto anapona kwa njia au kwa dawa?

Sindano Butu: Si mililita 5 tu? Kijiko kimoja kinajaa.

Stoo ya Dawa: 15 mara 10 ni 150. Gawa kwa 120, zidisha kwa 5. Jina umelipatia kweli.

Bi Mkunga Makorora: Ee Mola walinde watoto wa Tanga, manesi wenyewe ndio hawa.

Sindano Butu: Nani nesi? Mimi fundi umeme. Nipo hapa kwa ajili ya shangazi.

Nesi Mtarajiwa: Jamani turudi kwenye mada. Hivi mnaelewa kwamba ilikuwa mbele ya darasa ZIMA?

Paka wa Raskazone: Mada ni maji. Mimi nimepanga Sahare kwa yule mwenye tenki kubwa na roho ndogo, wa Sahare wote mnamjua. Anafungulia bomba saa 8 usiku, ukisinzia imekula kwako. Leo nimepiga mswaki kwa soda ya machungwa.

Chungwa la Muheza: Usinihusishe.

Dada wa Zamu ya Usiku: Wa kwangu mimi anapanda dirishani kuhesabu mara ngapi nimewasha pasi. Sare nyeupe bila pasi nitaingia nayo wodini vipi?

Paka wa Raskazone: Bora pasi. Wangu kasema feni ni anasa. Tanga, mwezi wa pili, feni ni anasa!

Kengele ya Baiskeli: Maadamu wengi mpo mjini, nauza baiskeli. Nyeusi, ina kapu mbele, breki ya nyuma inashika vizuri sana, ya mbele unaweza kuizoea. Laki na ishirini, maongezi yapo.

Baba Wawili wa Duga: Huu uzi wa mtu, kijana. Tuwe na adabu.

Bi Mkunga Makorora: Hilo kapu linabeba ndoo ya lita 20?

Kengele ya Baiskeli: Linabeba ndoo na mwenye ndoo.

Nesi Mtarajiwa: Ina taa? Alhamisi natoka giza limeshaingia. Nina themanini.

Kengele ya Baiskeli: Themanini nenda nayo Kange ukapande basi. Tumalize kwa laki, taa utanunua mwenyewe pale sokoni.

Nesi Mtarajiwa: Tisini, na unifungie kengele mpya.

Paka wa Raskazone: Ngoja kwanza. Hilo kapu limefungwa kwa waya wa bluu upande wa kushoto? Mjomba wangu anaitafuta baiskeli yake tangu Ijumaa, aliiacha nje ya msikiti barabara ya 8.

Kengele ya Baiskeli: Wakuu, baiskeli imeshapata mteja. Asanteni.