MJADALA: Inns of Court za London zisimpe mtu ubarista kabla hajamaliza uanagenzi?

Mleta mada: Wakuu, Uingereza na Wales anayekuidhinisha kuwa barista, yaani wakili wa kusimamia kesi mahakamani, ni moja ya Inns of Court nne tu, vyama vya kale vya mabarista: Lincoln's Inn, Inner Temple, Middle Temple au Gray's Inn. Unajiunga angalau wiki 12 kabla ya kozi ya ubarista kuanza, unafaulu kozi, unahudhuria vikao 10 vya mafunzo vya Inn, unaidhinishwa. Uanagenzi wa miezi 12, yaani mafunzo ya kazini chini ya barista mzoefu, unafuata baadaye, ukibahatika. Nafasi ni chache mno kuliko waliofaulu, na ukikaa miaka 5 bila kuanza, kozi yako imepitwa na muda. Cheo unacho, ila Mahakama Kuu huruhusiwi kumsimamia mteja. Naona tunawadanganya vijana.

Mchangiaji 1: Napinga, mkuu. Wengi wanaosoma kozi hiyo wanatoka Malaysia, Bangladesh na Pakistan, wanarudi kwao na cheo hicho. Ukiwaambia wasubiri uanagenzi London umewafungia mlango.

Mchangiaji 2: Naunga mkono hoja. Miezi 6 ya kwanza unamfuata msimamizi, unasoma majalada, unaandaa rasimu za hoja; kesi yako mwenyewe hugusi. Miezi 6 ya pili ndipo unasimama, kwa kawaida mahakama za chini. Hapo ndipo watu wanapokwama. Darasani jalada linakuja limepangwa. Kazini unaletewa jioni, maelezo ya shahidi mmoja hayamo, na asubuhi hakimu anataka kujua: unaomba ahirisho au unaendelea? Ukiomba bila sababu nzito, unakataliwa na mteja anaumia. Vikao 10 vya Inn havimfundishi mtu uamuzi huo.

Mchangiaji 3: Afrika Mashariki tulishaliona hili. Kamati ya Lord Denning, jaji wa Uingereza, kuhusu elimu ya sheria kwa wanafunzi wa Afrika, ripoti ya 1961, ilieleza kuwa Waafrika walirudi na ubarista bila uzoefu wa kazi wala sheria za kwao. Mwaka huohuo Dar es Salaam ikapata Kitivo cha Sheria, na 1963 Nairobi ikapata Kenya School of Law. Kenya leo unafanya miezi 6 ya uanagenzi kwanza, ndipo unaapishwa.

Mleta mada: Basi Inn ziwape wageni cheti cha kumaliza kozi badala ya cheo cha barista.

Mchangiaji 1: Sheria ya mawakili ya Malaysia, ya 1976, inamtambua barista wa Uingereza, si mwenye cheti cha kozi. Kubadilisha hilo ni kazi ya bunge lao, na Inn hazina sauti pale.